Rangi ya Bomba la Mofazzal

Fomu ya chuo cha afya ya mazingira ilikaa wiki nzima chini ya godoro la Rehnuma bila kujazwa. Hakuwa na hakika kama kupima maji na kukagua vyoo vya watu ni kazi au ni ugomvi wa kulipwa. Ndipo bibi afya, Hosne Ara, akamwambia amfuate siku tatu ajionee mwenyewe.

Siku mbili zilikwenda salama. Bomba la mkono lenye sumu ya aseniki lilipakwa rangi nyekundu, lililo salama likapakwa kijani, na wenyewe walinung'unika kidogo tu. Siku ya tatu wakaingia uani kwao Rehnuma.

Bomba la kwao lilikuwa jekundu tangu yeye mtoto. Sasa lilikuwa la kijani, na rangi bado inanata.

"Baba, nani kapaka?"

"Mimi," alisema Mofazzal bila kumtazama. "Alhamisi wanakuja kumwona dada yako. Nani ataoa kwenye nyumba ya bomba jekundu? Watamgeuza Jorina viganja wakitafuta madoa ya sumu. Ni rangi tu, mama. Sisi wenyewe tunajua tusinywe. Wageni wakiondoka nitairudisha."

Rehnuma nusura akubali. Posa ya Jorina ilikwisha vunjika mara moja, na nyumba nzima ililia.

Lakini mke mpya wa jirani, asiyetimiza mwezi kijijini, akaja na mtungi. Akatazama rangi, akapampu akajaza mtungi, akakinga kiganja ili anywe.

Rehnuma akamshika mkono. Akamwaga mtungi wa watu, akaomba radhi, akaenda kuchukua brashi. Hosne Ara alimwachia kopo la rangi, hakuingilia. Aliyajua ya nyumba za watu.

"Umemharibia dada yako," baba alisema.

Maneno yale yalimchoma sana Rehnuma. Aliendelea kupaka nyekundu.

Alhamisi wageni wakaja. Mjomba wa bwana harusi alilitazama bomba, kisha akakitazama kikombe chake cha chai.

"Maji haya tumechota kwa jirani wa nyuma, bomba la kijani," Mofazzal aliharakisha kusema.

"Afadhali," alisema mjomba. "Sisi kwetu mabomba yote ya kijani."

"Yalipimwa lini, mjomba?" Rehnuma aliuliza.

Baba alimkata jicho. Mjomba alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani.

"Kupimwa sikumbuki. Tuliyapaka mwaka jana, tulipokuwa tunamwoza binti yetu."

Hakuna aliyecheka. Jorina alikuwa ameinamisha kichwa, kama inavyompasa msichana anayetazamwa. Akakiinua.

"Mdogo wangu, ile fomu ijaze leo," alisema mbele ya wote. "Mimi huko sitii mguu mpaka yapimwe."

Mofazzal alifumba macho akingoja wageni wasimame. Hawakusimama. Mjomba alikuwa amegeuza viganja vyake mwenyewe, anavikagua kwenye mwanga wa mlango.

"Jumamosi njoo na huyo bibi afya wako," alimwambia Rehnuma. "Anza na bomba langu."