Chupa Iliyolala

Kwa siku mbili chupa ya Baba ilisimama juu ya meza ya kulia, na kwa siku mbili hizo sote tuliipita kwa kunyata, kama watu waliomlaza mtoto mchanga sebuleni. Kabla ya hapo ilikuwa imelala miaka thelathini na moja chini ya kabati la nguo, ubavuni ikiwa na alama nyeupe ya rangi. Alama hiyo ilitakiwa kuangalia dari siku zote, ili machicha ya divai yatulie upande mmoja. Miaka ya mwanzo Mama aliidhania doa na kuisugua kila alipofanya usafi. Jioni Baba aliipaka upya.

Baba alikuwa mhudumu wa mvinyo katika hoteli kubwa. Aliwamiminia wageni vinywaji vya kila namna, na yeye mwenyewe hakunywa, alinusa tu. Hata maji ya kunywa nyumbani aliyamimina kihoteli: mwishoni aliuzungusha mkono kidogo na kuuinua, tone lisianguke. Alijaribu kunifundisha. Nililowanisha vitambaa vya meza mpaka akanisamehe.

Mwenye hoteli alipostaafu alimpa chupa hii ya porto, divai nyekundu, tamu na nzito, inayozidi kunoga kadiri inavyozeeka. "Tutaifungua siku nikistaafu," Baba akasema. Alistaafu, akasema bado kidogo. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, moyo wake ukasimama.

Mwaka mzima nilizuia isifunguliwe. Kaka yangu, dereva wa malori asiyejua kunong'ona, akanibandika jina la Mlinzi. Sikujua namna ya kumweleza kwamba maadamu kizibo kiko mahali pake, lipo jambo moja ambalo Baba hajalimaliza. Tena niliogopa. Je, kama mzee wetu alikuwa akitunza siki miaka yote hiyo?

Mama ndiye aliyekata shauri. "Mwanangu, nina miaka sabini na miwili. Mnangoja nami niondoke ndipo mnywe kwa raha?"

Basi Jumamosi, saa kumi alasiri, nikapanga glasi tatu, faneli na jagi la kioo. Nilikuwa na kiherehere cha mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kila kitu nilikuwa nimekifanya kama Baba alivyoelekeza: chupa isimame siku mbili machicha yashuke chini, kisha imiminwe polepole yasije yakaamka. Nikaenda jikoni kuchukua kizibuo. Niliporudi, Mama alikuwa ameikamata chupa kwa mikono miwili, anaitikisa juu chini, juu chini, kwa bidii.

"Mama!"

"Nini tena?" Akashtuka. Mama alitoa dawa kwenye dirisha la zahanati kwa miaka ishirini na sita. "Si ina machicha? Chupa yenye machicha hutikiswa kabla ya kutumiwa."

Kaka akacheka mpaka akashika ukuta. "Kijiko kimoja, kutwa mara tatu! Mlinzi, umepigwa bao mchana kweupe!"

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka nao. Nikaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Tope lilikuwa likizunguka ndani kama vumbi nyuma ya lori.

"Tungoje siku mbili nyingine," nikasema, na nikajisikia nafuu. Mama akaiona nafuu hiyo usoni mwangu.

"Hatungoji." Akaingia chumbani, akarudi na kipande cha shashi, ile ya kufungia vidonda, kikiwa bado katika karatasi yake. Akakikunja mara nne, akakitandika kwenye faneli juu ya jagi. "Nimechuja vigumu kuliko hiki. Fungua."

Kizibo kilitoka nusu, nusu ikameguka ndani. "Taratibu," Kaka akasema, "taratibu, taratibu," na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa akinong'ona. Nikazungusha tena, nikavuta. Kikatoka.

Nikamimina. Shashi ikageuka zambarau, ikabeba matope yote, na chini yake divai ikashuka safi, nyekundu katikati, pembeni rangi ya matofali ya zamani. Nikajaza glasi tatu. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Nipeni mimi," Mama akasema. "Nikianguka, lori la kunikimbiza zahanati lipo nje."

Akanywa funda moja. Akafumba macho.

"Ni siki?" nikauliza.

"Ngoja." Akanusa glasi, akanusa tena. "Mikono ya mashati ya baba yenu," akasema. "Nimeyafua miaka yote nikinung'unika kuna harufu haitoki. Kumbe ndiyo hii."

Nami nikanywa. Zikaja zabibu kavu, ikaja sukari iliyoungua, na nilipodhani imekwisha, ikaja harufu ya mbao za kabati la zamani, kisha joto likateremka kifuani bila haraka. Ilikuwa hai! Kaka alipiga meza kwa kiganja, glasi zikaruka. "Mzee hakukosea! Nasema hakukosea!" Mama alimgombeza, naye mwenyewe machozi yakimtoka kwa kicheko.

"Niongezee," akaniambia.

Nikachukua jagi, nikammiminia. Glasi ilipofika nusu, kabla sijafikiri lolote, mkono wangu ukazunguka kidogo, ukainuka. Nikatazama kitambaa cha meza. Kilikuwa kikavu.

Mama hakuigusa glasi. Alikuwa akiutazama mkono wangu.

"Mmiminie na kaka yako," akasema. "Nione tena."