Kola ya Baba Claudia

Mwaka ule Msumbiji ilipopata uhuru, karakana ya kushona ya kijiji cha Kitangari, wilayani Newala, ililetewa meneja, Bwana Felician, Mhaya mmoja mwenye haraka zake. Akakuta kila fundi anashona shati lake peke yake, tangu kukata hadi vifungo. Akashika kichwa.

"Jamani! Kuanzia kesho Nurdini akate, Adija ashone mikono, Baba Claudia kola."

Basi, kola! Bonifasi, baba yake Claudia, aliyewahi kushona kanzu za mapadri, leo fundi wa shingo! Ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa sababu mpango wenyewe ulifaulu. Mashati ya shule yalimiminika, watoto wa Newala nzima waking'aa. Kijijini wakambandika jina.

"Shikamoo, Baba Kola!"

"Marahaba," anaitikia, huku anasaga meno.

Claudia alipoposwa na watu wa Lulindi, Bonifasi akaapa. "Gauni la mwanangu nashona mwenyewe, mwanzo mwisho. Wakwe watajua kama mimi ni fundi au kipande cha fundi!"

Akajifungia na cherehani. Mkono wa kulia ukatoka mfupi. Akaufumua, ukatoka mrefu. Lo! Tangu kazi hiyo ilipokwenda kwa Adija, vidole vyake vilikuwa vimesahau njia. Hasira zikampanda. Na kitambaa chenyewe kilikuwa tetroni nyeupe, ile ile ya mashati, kwa hiyo alipofika shingoni vidole vikajiendea tu.

Siku moja kabla ya harusi, Claudia akalijaribu gauni mbele ya wanawake wa karakana. Shingo iliyotakiwa kuwa ya duara, yenye lesi, ilikuwa na kola ya shule: ngumu, ncha mbili, imenyooka barabara.

"Bi harusi," akauliza Adija, "unaingia darasa la ngapi?"

Kicheko kikapasuka. Bonifasi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akatoa wembe.

"Adija, mwanangu, nisaidie mikono," akasema kwa sauti ndogo. "Kola naifumua mwenyewe."

Claudia akamshika. "Mikono sawa, Adija akusaidie, Baba. Kola iache."

"Wakwe watatucheka!"

"Wacheke. Mimi nilimaliza shule kabla hujapewa hizo kola. Watoto wa Newala nzima wanavaa kola ya baba yangu, mimi sijavaa hata moja."

Bonifasi akautazama ule wembe, akaurudisha mfukoni.

"Leteni pasi basi," akasema. "Kola yangu haivaliwi na mikunjo."