Kawa Lililotua Polepole

Maneno yaliingia nyumbani kwa Zuleika kupitia uani, pale mtaani Kisugu, na hayakutoka tena. Aliyeyaleta ni jirani yake Akumu, mke wa askari polisi.

"Mama Rashidah, kule Kamwokya binti yako anakofundishwa katuni, wanavitia vitu roho. Halafu vinamfuata mtu mpaka kwake!"

Zuleika alicheka, lakini tangu hapo kijiko kikianguka jikoni, moyo unampaa. Akaapa kwamba Rashidah akishindwa kwenye jaribio la Jumamosi, hakanyagi tena huko.

Rashidah naye alikuwa na hofu yake. Kwa jaribio hilo, mwalimu wa katuni, Kidega, alitaka kila mwanafunzi achore kitu kimoja cha nyumbani na kukitembeza kwenye kompyuta. Ambaye mwendo wa kitu chake hauaminiki, nafasi yake darasani anapewa mwingine. Rashidah alichora kawa, lile la ukili wa rangi ambalo Wanubi hufunikia chakula cha mgeni. Alipolichezesha kwenye kompyuta, mama akachungulia.

"Eh! Nani kamkasirisha mwenye nyumba? Kawa linaangushwa kama bati!"

"Mama, nimegawa picha za mwendo wake sawasawa toka juu mpaka chini."

"Ndiyo maana mchuzi umeturukia. Njoo hapa."

Zuleika akatwaa kawa lenyewe, akalishusha juu ya sinia la wali. Lilianza kwa uvivu, likashika mwendo, kisha karibu na sinia mkono ukajizuia, mvuke usitawanyike, ukingo mmoja ukatangulia kugusa.

"Rudia, mama."

Akarudia, akinung'unika kwamba wali unapoa. Rashidah akakimbilia kompyuta. Mwanzoni na mwishoni akasogeza picha nyingi karibu karibu. Katikati akaacha chache, zilizoachana.

Jumamosi Zuleika alikwenda darasani mwenyewe, tasbihi mkononi, kuwaona hao mashetani. Kwenye picha iliyomulikwa ukutani kawa likashuka, likatua kwa adabu, likainuliwa tena taratibu, wali ukatokea. Zuleika hata hakujua alivyokunja mkono wa nguo, tayari kula.

"Bismillahi!"

Darasa zima likaangua kicheko. Kidega akafuta macho. "Mama ameshakaa kula, mimi nitapinga nini? Rashidah, Jumatatu uje."

Siku hizi binti wa Akumu naye anataka kwenda. Zuleika bado ana wasiwasi wake, ila umehamia kwingine. Humwonya binti huyo hivi, na mzazi mwenye masikio asikie:

Asianzishe kitu kwa mbio.
Asikisimamishe ghafla, isipokuwa kimegonga ukuta.
Asigawe picha sawasawa.
Asiupe ukili mwendo wa bati.
Asichore kawa kabla hajalishika.
Na wewe mama, usimtoe mtoto darasani kwa maneno ya uani.