Kifurushi Namba Tisa

Nikutegee, nawe utegue ukiweza. Kitanda chake ni mgongo wake mwenyewe. Akiamka hulia tak, akilala hulia tak, na kinywani ana jino moja tu. Nani huyo?

Umeshindwa? Wala usinipe mji, miji ninayo mingi na sina pa kuiweka. Ni kisu cha kukunja, kile cha mfukoni, ambacho makali yake hulala ndani ya mpini. Na kama ulikijua tangu mwanzo, basi keti vizuri zaidi, maana hadithi yenyewe ni ya mwanamke aliyekificha kisu mahali ambapo mumewe alikiona kila siku ya Mungu.

Mwanamke huyo alikuwa mshonaji wa mapazia, na mtaani walimwita Mama Pazia. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, na sakafu iliyoizunguka haikukosa vipande vya nyuzi hata ufagie mara ngapi. Mumewe alikuwa mtunza stoo mstaafu. Miaka thelathini ya kupanga boliti kwenye makopo na kuyabandika majina ilikuwa imemwingia damuni. Nyumbani kwake chumvi ilikuwa na lebo, sukari ilikuwa na lebo, na kopo la lebo nalo lilikuwa na lebo. Wakamwita Mzee Lebo, na jina akalipenda.

Mzee Lebo hakunywa, hakuvuta, hakukesha vijiweni. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao ni visu.

Tena si visu vyovyote. Mwisho wa mtaa wa wachomeleaji kulikuwa na fundi visu, mtu mkavu wa maneno, aliyetengeneza visu vya mfukoni kama babu yake alivyotengeneza: chuma kitupu kisichopakwa kitu, mpini wa pembe au wa mpingo, misumari ya shaba, na springi aliyoifua kwa nyundo mpaka ikatoa ule mlio wa tak. Kila mwaka alikata kiolezo kimoja cha bati, akatengeneza visu ishirini na vinne vya umbo lile, akavipiga namba. Kisha, mbele ya wanunuzi, alikikata kile kiolezo vipande viwili kwa msumeno. "Toleo limefungwa," husema. Baada ya hapo hata angekuja mama yake mzazi, cha ishirini na tano hapati. Kila kisu alikifunga kwa karatasi ya nta na uzi, akadondosha lakiri nyekundu juu ya fundo, na kabla haijapoa akaibana kwa kidole gumba chake.

Mzee Lebo alikuwa na visu kumi na tisa, vya matoleo kumi na tisa. Vilikaa kwenye kabati la vioo, kila kimoja na lebo yake. Jumapili ya kwanza ya mwezi alivitoa, akavifuta kwa pamba na mafuta, taratibu, kama anayeogesha vichanga. Hakuna hata kimoja kilichowahi kukata uzi. Na hicho cha kwanza kabisa, namba tisa ya toleo la kwanza, hakuwahi hata kukifungua. Wakusanyaji wenzake walimfundisha: kisu kilichofunguliwa ni kisu, kisichofunguliwa ni hazina. Mgeni akija, Mzee Lebo humwekea kile kifurushi kiganjani.

"Hebu sikia uzito," husema. "Huo ndio uzito wa kazi ya mikono, ndugu yangu. Haudanganyi."

Mgeni hutikisa kichwa kwa heshima. Na Mama Pazia, kule dirishani, huikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Maana ndani ya kifurushi kile mlikuwa na bawaba ya mlango.

Ilianza hivi. Miaka kumi na moja nyuma, Mzee Lebo akiwa bado kazini, Mama Pazia alikuwa na mapazia ya ukumbi mzima ya kumaliza kabla ya jioni, na mkasi wake ukavunjika skrubu. Akatafuta wembe, hakuna. Kisu cha jikoni hakikati hata maneno. Akaliangalia kabati. Kabati likamwangalia. Akasema, nikikopa kimoja kwa saa mbili tu, nani atajua? Akachukua kile cha kifurushi, kwa hesabu kwamba kisichofunguliwa hakichunguzwi.

Lo! Kisu kile kilipita kwenye uzi kama uzi haupo. Alipanga kukirudisha jioni. Jioni ikafika kisu kikiwa kinamenya chungwa. Akaona hawezi kuachana nacho. Juu ya meza palikuwa na bawaba iliyong'oka kwenye kabati la jikoni, nayo inakunjwa vilevile, na uzito ni uleule. Akaifunga kwa karatasi ileile ya nta, akayeyusha upya lakiri ileile, akaibana kwa kidole gumba chake. Kisu chenyewe akakivisha mpini kwa kipande cha pazia la maua, akakitia kwenye mfuko wa aproni.

Tangu siku ile mlango wa kabati la jikoni uliinama upande kama mlevi. Mzee Lebo aliandika lebo, "BAWABA MOJA: IMEPOTEA", akaibandika pale pale, na kila mwaka alikwenda kutafuta ya kufanana nayo asiipate. Na kisu? Alikiona kila siku! Hata alikiazima.

"Mama watoto, nipe kijisu chako cha sokoni nikate uzi huu."

"Hiki hapa."

"Ajabu," husema, akikijaribu kwa ukucha. "Kwa kisu cha sokoni, hiki kinakata. Waliokitengeneza hawajui walichokifanya."

"Bahati yao," hujibu Mama Pazia, macho kwenye sindano.

Naye Mzee Lebo alikuwa na deni lake la jibu. Siku kabati la vioo lilipoletwa, mkewe alimuuliza, "Mume wangu, nyumba hii ikishika moto, ukaambiwa utoke na kimoja tu humu, utatoka na kipi?" Mzee akakuna kidevu. "Swali zito hilo. Nipe muda." Akapewa. Kila mwaka mkewe alimkumbusha, na kila mwaka Mzee alisimama mbele ya vioo, akanyoosha kidole huku, akakirudisha, akasema bado anafikiri.

Basi siku moja fundi visu akawatumia ujumbe wateja wake wote. Macho yake yalikuwa yamechoka. Mwaka huu angetengeneza visu kumi na viwili tu, vya mwisho, kisha angefunga karakana. Na aliyetaka kimoja, sharti aje na kisu cha kwanza alichowahi kununua kwake.

Mzee Lebo aliusoma mara tatu, sauti ikipanda kila mara. "Unaona? Anataka kuona nani ametunza! Nani mwingine mwenye toleo la kwanza na lakiri yake? Safari hii tunakwenda wote, mke wangu. Umeishi na visu hivi miaka yote, uje uone siku yangu."

Mama Pazia alihisi maji yamemfika shingoni. Akaingia chooni akampigia simu binti yao.

"Mama, si nilikwambia umwambie?"

"Nilisema nitamwambia akistaafu."

"Alistaafu miaka minne iliyopita!"

"Ndiyo, lakini alikuwa bado anazoea."

Binti akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwa upole, "Mama, kisu hicho cha mwisho asipokipata atalia. Mwambie leo."

Alijaribu. Wakati wa chai alisema, "Baba watoto, kuna jambo." Mzee akadhani ni lile swali la moto, akasema, "Bado nafikiri." Usiku alisema, "Kuna kitu sikukwambia," na mzee alikuwa ameshaanza kukoroma, kifurushi kikiwa chini ya mto. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Zake zilikuwa zimepita elfu nne. Hakuna wa kusema aliharakishwa.

Kesho yake wakaenda. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, jiko la makaa, tezo, fuawe iliyobonyea katikati, na vumbi jeusi hata kwenye nyusi za fundi. Juu ya meza vilibaki visu viwili. Mbele yao alisimama daktari wa meno, suti nzuri, ameshika kisu kinachong'aa kama kioo.

Fundi alikifungua. Tak. Akakinusa. Akakilamba kidogo kwenye bapa.

"Hiki kimekula nini?"

"Kula?" Daktari akatabasamu. "Hakijagusa kitu, fundi. Kama kilivyotoka mkononi mwako."

"Mimi nilitengeneza kisu, wewe ukafuga pambo. Wagonjwa wako wakiwa na meno wasiyotafunia, unawasifu? Nenda salama, bwana."

Daktari akatoka na mdomo wazi, meno yake yote mazuri yakionekana. Mzee Lebo akameza mate. Kwa mara ya kwanza akakiangalia kifurushi chake kwa wasiwasi, naye Mama Pazia akaliona lile jasho jembamba juu ya mdomo wa mumewe, lile lililomtoka siku ya kuposa.

"Na wewe?" fundi aliuliza.

Mzee akakitoa kifurushi kwa mikono miwili. "Toleo la kwanza. Namba tisa."

Fundi akakisogeza dirishani. Akaitazama lakiri. Akaweka kidole gumba chake, kipana kama kijiko, juu ya alama ile. Alama ilimezwa yote. Akainua macho polepole, yakampita Mzee Lebo, yakatua kwa Mama Pazia na vidole vyake vyembamba vya sindano.

"Fungua," akasema.

"Fundi, nikifungua itapoteza..."

"Fungua, au mfuate daktari."

Mzee Lebo akaivunja lakiri. Karatasi ya nta ikalia, ikafunguka, na bawaba ikaanguka juu ya fuawe: ngaa!

Mzee Lebo aliitazama bawaba, akaigeuza, akahesabu matundu yake ya skrubu: matatu huku, matatu huku. Mtunza stoo hasahau kifaa.

"Hii," akasema taratibu, "ni ya kabati la jikoni."

Mama Pazia angeweza kunyamaza. Mtu yeyote angeweza kuingia nyumbani, mtu yeyote angeweza kuiba. Lakini kisu cha mwisho kilikuwa pale mezani, na mumewe alikuwa ameinamisha mabega kama mtoto aliyefiwa na kuku wake. Akatia mkono kwenye mkoba, akatoa kijisu cha sokoni, akakivua lile vazi la maua.

"Namba tisa," akasema. "Nilikikopa kwa saa mbili, fundi. Zikarefuka."

Fundi akakipokea. Tak! Mlio ulikuwa mzito, wa kitu kilichozoea kazi. Chuma kilikuwa kimegeuka rangi, buluu na kijivu kama shingo ya njiwa, na makali yamelika kidogo katikati. Fundi akakinusa, na uso wake mkavu ukalegea.

"Machungwa," akasema. "Vitunguu. Nyuzi, nyuzi nyingi. Na unakinoa kwenye kitako cha kikombe."

"Cha udongo. Cha bati hakifai."

"Hakifai kabisa!" Fundi akacheka, vumbi likamdondoka kwenye nyusi. "Miaka hii yote nilidhani natengenezea makabati. Mama, chagua. Viwili hivyo, chagua unachokitaka."

"Mimi? Mkusanyaji ni huyu bwana."

"Mimi namuuzia mwenye kisu. Mwenye bawaba akanunue mlango."

Mama Pazia akamgeukia mumewe. Hakumwona na hasira wala kicheko. Alikuwa bado anaitazama ile bawaba. Mama Pazia akachagua kile chenye mpini wa mpingo, namba kumi na moja, akakiweka mkononi mwa mzee. "Chako. Ila chakula chake cha kwanza, nitakilisha mimi."

Fundi akachukua kiolezo cha bati, akakikata vipande viwili. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Mzee Lebo alijaribu kumfariji. "Kweli," fundi akajibu, "lakini macho, mzee wangu, hayana duka."

Njia nzima Mzee Lebo alitangulia mbele. Mama Pazia alihesabu hatua, akahesabu makosa yake, akaona hatua ni chache zaidi. Walipofika, mzee aliingia moja kwa moja jikoni. Alisimama mbele ya ule mlango ulioinama, bawaba mkononi. Akabandua lebo ya "IMEPOTEA". Mkewe akasubiri aombwe bisibisi.

Badala yake mzee alikwenda sebuleni, akafungua kabati la vioo, akaiweka bawaba mahali pa kifurushi, juu ya kile kitambaa chekundu. Akakaa, akaandika lebo mpya kwa herufi zake za stoo: "NAMBA TISA. Uzito wake haudanganyi."

Mabega yakaanza kumtikisika. Mama Pazia alidhani analia, akakimbilia, akakuta mzee anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka.

"Nimewawekea watu mkononi!" alisema alipopata pumzi. "Meneja wangu alifumba macho! Mke wangu, alifumba macho kuusikia uzito wa bawaba!"

"Nilimwona. Nikakanyaga cherehani mpaka sindano ikakatika."

Wakacheka mpaka wakashikana. Kisha Mama Pazia akaleta chungwa, akafungua kisu kipya cha mpingo, tak, akalimenya kwa utepe mmoja mrefu usiokatika. Mzee alijikunyata juisi ilipogusa chuma. Akala kipande chake. Akakitazama kisu kipya, akakitazama kile cha zamani kilichorudi mfukoni mwa aproni.

"Lile swali lako," akasema. "La moto."

"Enhe?"

"Nimepata jibu." Akajifuta kidevu. "Visu vyenye maana vitakuwa vimeshatoka, vipo mfukoni mwako. Mimi nitatoka na bawaba."