Vifuniko Viwili vya Kichocheo

Kwa miaka ishirini fundi wa miguu ya bandia alikuwa na sheria moja: kilo moja ya resini, ule utomvu wa plastiki, kifuniko kimoja cha kichocheo cha kuugandisha. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, naye hakujiuliza. Miguu yake ilitembea, basi.

Sasa sheria ilikuwa imemgeuka. Ilikuja resini ya aina mpya, makopo mawili tu ya kilo moja moja. La kwanza alilimimina kwenye kalibu Ijumaa, na hadi Jumapili asubuhi lilikuwa bado linanata. Mguu wenyewe ulikuwa wa binti yake wa miaka tisa, aliyerefuka mpaka ule wa zamani ukamkataa. Kesho shule zinafunguliwa, na binti alishaapa kwamba kwa magongo haendi. Kopo lililobaki lilitosha mguu mmoja, tena kwa kukwangua.

Akameza kiburi, akamwita shemeji yake, dada mdogo wa mkewe, mwalimu wa kemia.

"Karibu, profesa wa makaratasi," alimtania mlangoni.

"Asante, bingwa wa kukisia. Lete kopo. Na la zamani pia."

Akasoma vibandiko vyote viwili, tena polepole, kisha akachora kwa chaki juu ya meza ya kazi.

"Shemeji, resini inakauka kwa sababu chembe zake zina mikono, na mikono inashikana. Kichocheo kinaiamsha hiyo mikono. Wewe unapima kilo, wakati wanaofanya kazi ni mikono! Ya zamani, fungu moja la mikono limo katika gramu mia nne za resini. Kilo nzima ina mafungu mawili na nusu. Hii mpya, fungu ni gramu mia mbili. Kilo ina mangapi?"

"Matano," alidakia binti kutoka kwenye kigoda, kabla baba yake hajafungua mdomo.

"Na kichocheo?"

"Mara mbili, mama mdogo!"

Fundi alilisukuma kopo kando. "Viwili? Niliwahi kutia viwili, ndoo ikafuka moshi!"

"Kwenye ya zamani, yenye nusu ya mikono. Ulikuwa unaamsha mikono isiyokuwepo, kilichozidi kikawa moto tu."

Miaka ishirini aliringa kwa jicho lake, na huyu mwanamke alikuwa ameona ndani ya kopo bila hata kulifungua. Alimwonea fahari, na bado aliogopa. Akatia kifuniko cha kwanza. Cha pili alikishikilia juu ya ndoo, kisha akakitia. Akakoroga, akamimina kwenye kalibu aliyokuwa ameisafisha, wakangoja.

Kalibu ikapata joto, kisha ikapoa. Alipogonga kwa ukucha, ilitoa mlio mkavu.

Hapo ndipo alipouona mkono wa shemeji. Chaki ilikuwa imesagika yote kiganjani.

"Kumbe nawe uliogopa?"

"Hesabu siiogopi," alisema, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Nilimwogopa yeye. Ningemtazamaje kama mguu usingekauka?"

Jioni binti akauvaa mguu. Akaenda hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena kwa haraka zaidi. Kisha akayachukua magongo yaliyoegemea ukutani, akamletea baba yake.

"Shika, baba. Utatembelea wewe unayekisia."

Fundi akayapokea, akacheka huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.