Aliyembeba Mama

Celina alikuwa amechoka kuhubiri. Tangu semina ya wakulima pale Kiirua, wimbo wake nyumbani ulikuwa mmoja: dawa ya viazi ikikumwagikia, vua nguo zote upesi, jimwagie maji, piga simu useme uko wapi. Mumewe, Muthomi, aliitikia kwa kichwa huku akila. Mama yake Celina, Nelius, mjane waliyemjengea nyumba ndogo ukingoni mwa shamba, alimcheka waziwazi.

"Nimepulizia viazi kabla hujazaliwa," alimwambia.

Sasa Celina alikuwa sokoni akiuza viazi, na simu ikalia.

"Mama amemwagikiwa na dawa," Muthomi alisema. "Nimemsikia akianguka kwa nyumba yake. Nimeshapigia jirani yetu Isaack alete pickup. Lakini mlango umefungwa."

"Si uingie."

"Amefunga na ndani. Anasema nisiingie."

Damu ilimchemka Celina. Sababu aliijua. Mkwe wa kiume haingii kwa mama mkwe, wala hamgusi; miaka yote hiyo wawili hao walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama kando. Heshima ni kitu kizuri, lakini ni heshima gani hii ya kumwacha mtu afe?

"Vunja huo mlango," alisema. "Mama akifa kwa sababu ya aibu yako, usinitafute."

Akaacha magunia hapo hapo, akaruka juu ya bodaboda. Njia nzima alimsema mumewe kimoyomoyo: mwoga, mtu wa kushikilia mila kama kupe.

Alipofika, mlango ulikuwa chini, mbao zimepasuka. Bega la Muthomi lilikuwa likitoka damu. Alikuwa ameshambeba mama hadi kwenye pickup, Isaack akisubiri kwenye usukani. Mama alikuwa amezungushiwa koti la Muthomi, anapumua kwa shida, na chini ya koti hakuwa na kitu. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amemtii binti yake. Nguo zilizolowa dawa zilibaki katikati ya chumba, na kutoka hapo michirizi ya maji ilikwenda mpaka mlangoni. Aliposikia sauti ya mkwewe alitambaa kwa nguvu zake za mwisho, akaufikia mlango, akatia komeo.

Celina alitaka kugombeza mtu na hakujua aanze na nani. Katika mahubiri yake yote, hakuwahi kujiuliza ni nani atakayekuwa nyumbani mama akishavua nguo.

Kesho yake, hospitalini Meru, mama alifumbua macho na kumtazama vizuri.

"Nani alinibeba?"

Celina alilitupia jicho pazia la kitanda. Bado alikuwa na hasira na ile heshima yao.

"Isaack," alisema.

Mama alishusha pumzi ndefu, akaomba uji.

Nje ya pazia, Muthomi, bega limefungwa bandeji, alikuwa amesimama na chupa ya uji alioupika mwenyewe alfajiri. Aliiweka sakafuni taratibu, akaondoka kabla mama mkwe hajamwona.