Vipimo vya Namba Nne

Suti za Fundi watu waliziamini. Maneno yake waliyatafuna kama njugu, kwa raha na bila kushiba. Ni yeye aliyewahi kumshonea koti mtu mrefu kiasi kwamba kola ikilowa mvua Jumatatu, pindo lilipata habari Alhamisi. Kwa hiyo, kikosi maalumu cha polisi kilipomwita, kilichomuuma zaidi ni kile kiapo: asimsimulie mtu yeyote.

Shida yenyewe ilikuwa ya suruali. Vijana wa kikosi hicho huteremka kwa kamba kutoka juu ya maghorofa, na suruali za kiwandani zilikuwa zikipasuka msambani kabla miguu haijagusa chini. Jambazi mmoja, inasemekana, alijisalimisha kwa sababu ya kucheka.

Kamanda alimpokea kwenye ukumbi wa mazoezi ulionuka jasho na mafuta ya bunduki. Watu kumi na wawili walisimama mstari mmoja, nyuso zimefunikwa kwa kitambaa cheusi, yakionekana macho tu. Kila mmoja alikuwa na namba kifuani.

"Hapa hakuna majina, mzee," kamanda alisema. "Hawaongei na wewe. Na ukimtambua mmoja wao, unaniambia papo hapo. Sura ikishajulikana, familia yake iko hatarini. Namhamisha leo leo, akaongoze magari barabarani."

"Na nisipomtambua, Afande?"

"Unapima, unakwenda zako."

Kumwambia Fundi asidadisi ni kumwambia paka asitazame samaki. Lakini siku hiyo nusu ya akili yake ilikuwa kwa binti yake, ambaye jana yake alifika dukani kwake macho mekundu.

"Baba, mume wangu ana mwanamke."

"Umemwona?"

"Huyo mwanamke hajaonekana. Lakini mume wangu anasema anauza majokofu. Nimekwenda hilo duka, hawamjui hata kwa jina la utani. Na kila siku anarudi viganja vimechubuka. Jokofu gani linachubua viganja?"

"Kuna majokofu yana hasira."

"Sicheki, Baba. Kesho jioni nafungasha, narudi kwako."

"Ngoja basi hiyo kesho jioni. Niache kwanza nidadisi."

Sasa alikuwa amesimama mbele ya Namba Moja, mwenye shingo ya fahali. Akampima, akaandika. Akampima Namba Mbili. Namba Tatu alikuwa na miguu ya korongo. Kila alipochuchumaa kupima mguu wa ndani, wao walisimama kama nguzo.

Akafika kwa Namba Nne. Tepu ilipopita mabegani, mkono wake ukasita. Bega la kulia lilikuwa limeshuka upana wa kidole. Bega kama hilo aliwahi kulijazia pamba mwenyewe, kwenye koti la harusi. Lakini mabega yaliyolala ni mengi duniani. Akachuchumaa apime mguu.

Namba Nne naye akachuchumaa.

Fundi akainuka. Namba Nne akainuka. Fundi akashuka tena polepole, safari hii kwa udadisi zaidi kuliko kazi. Yule naye akashuka, kichwa ameinamisha, mikono ameikusanya mapajani. Mtu aliyefundishwa kuvunja milango kwa teke alishindwa kusimama wima huku baba mkwe wake yuko chini miguuni pake. Wakabaki wanatazamana kama kuku wawili walioatamia yai moja.

"Namba Nne," kamanda alisogea. "Una tatizo gani?"

Macho nyuma ya kitambaa yalikuwa yanamwomba Fundi.

"Mzee, unamjua huyu?"

Fundi alikuwa ameamriwa aseme papo hapo, na amri ya kamanda si shati la kuvua ukisikia joto. Lakini mbele yake alichuchumaa mtu ambaye siku zote hizo aliteremka maghorofani bila kujisifu hata kwa mkewe, na neno moja tu lingempeleka kupuliza filimbi kwenye makutano ya barabara.

"Namjua, Afande," alisema. "Huyu ni mkwe wangu. Namba Moja ni mtoto wa shangazi. Namba Tatu tulinyonya ziwa moja, ila yeye alichelewa miaka arobaini. Na wewe mwenyewe, nikikitazama hicho kiuno, ni mjomba wangu yule aliyemezwa na chatu, akatapikwa kwa sababu ya malalamiko."

Mstari mzima ukatikisika. Kamanda alijaribu kununa, akashindwa.

"Waliniambia una maneno. Haya, pima. Na wewe Nne, nyoosha miguu yako."

Namba Nne akasimama, ametazama dari. Fundi akampima haraka haraka, naye ametazama pembeni, wakistahiana.

Jioni alimkuta binti yake kwenye benchi la duka, begi liko miguuni.

"Haya, Baba. Umedadisi?"

"Nimedadisi."

"Ana mwanamke?"

"Hana. Yuko kazini. Kazi ya heshima."

Binti akangoja kilichobaki: chatu, mtu mrefu, chochote. Hakikuja.

"Basi?"

"Basi."

Fundi akashika sindano, akaanza kutunga uzi. Ukakosa tundu mara tatu. Binti akamtazama. Tangu azaliwe hajawahi kumsikia baba yake akimaliza habari kwa maneno ya kuhesabika, bila hata punje ya chumvi.

"Ni ya hatari?" aliuliza taratibu.

Uzi ukakosa tundu mara ya nne.

"Sawa." Akanyanyuka, akalitupia begi begani. "Jumapili tutakuja kukusalimia, mimi na yeye. Na usimuulize kitu. Mimi pia sitamuuliza."

"Mimi? Nimuulize nini mtu wa majokofu?"

Hatua zake zilipopotea, Fundi akafungua daftari la vipimo. Tano, Sita, Saba; mabega, viuno, mapaja. Akalifunga. Akalifungua tena. Namba Tisa goti lake la kushoto lilicheza kidogo, kama la yule muuza magazeti wa pale kona. Na Kumi na Moja, ule mgongo...

"Hapana," alijiambia, akikanyaga cherehani. "Haiwezi kuwa mwalimu wa kwaya."